MOYO, ROHO NA EMOYO: MANENO YA FURAHA YA NDANI MPAKANI MWA KENYA NA UGANDA

Adungosi ni kituo cha soko katika nchi ya Wateso wa Kenya, baina ya Busia na Malaba, karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Biashara ya hapo huendeshwa kwa Kiteso, kwa Kiswahili na kwa lugha za Waluhya walio jirani, na watokao ng'ambo huchanganya na Kiganda. Lugha hizo zote huingia pia katika maombi. Mtu mmoja aweza kumshukuru Mungu kwa jina la Kiteso, akaomba ajazwe Roho kwa neno lililotoka pwani, na kumaliza kwa wimbo wa Kiganda ambao hajui maana ya nusu ya maneno yake. Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo kihistoria. Watu wa upande huu walipoanza kusema kwamba Mungu yumo ndani ya mtu, na kwamba dalili ya kuwamo kwake ni furaha, walilisema hilo kwa maneno gani, nayo yalitoka wapi? Swali hili ni la lugha, lakini si la lugha tupu. Wapo watu katika nchi hizi waliofukuzwa makanisani kwa sababu ya jibu lake, na wapo waliopoteza maisha.

Wateso ni tawi la kusini la jamii ya lugha iitwayo Ateker, pamoja na Wakaramojong, Waturkana, Wajie na wengineo. Walishuka kutoka upande wa Karamoja, na katika karne ya 19 baadhi yao wakafika Tororo na kuingia katika nchi ambayo leo ni Kenya ya magharibi, wakawa majirani wa Wabukusu, Wakhayo na Wasamia. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza ililihamisha jimbo la mashariki la Uganda likawa sehemu ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mpaka ukaja kufuata mito kama Sio na Malaba. Tangu hapo ndugu wa ukoo mmoja wamekuwa raia wa nchi mbili. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Wateso zaidi ya 400,000 katika Kenya. Mpaka huo haukuzuia maneno kupita, na hapa ndipo penye faida kwa mtafiti: maneno ya dini yalifika Uteso kwa njia mbili, moja ya kutoka pwani na nyingine ya kutoka Buganda, zikakutana.

Kabla ya kuyafuata maneno hayo yafaa kuona yalikuta nini. Mkristo wa Kiteso humwita Mungu Edeke. Waturkana na Wakaramojong humwita Akuj, na jina hilo lahusiana na neno la Kiteso kuju, yaani juu. Basi Akuj, kwa asili ya neno lake, ni wa juu. Lakini katika Kikaramojong neno edeke maana yake ni ugonjwa. J. C. D. Lawrance, katika kitabu chake juu ya Wateso kilichotoka mwaka 1957, aliyajadili majina haya mawili, na wengine baada yake wamebishana kama Edeke alikuwa mungu wa maradhi aliyepandishwa cheo, au ni nguvu moja ya juu iliyoitwa kwa jina la pigo lake. Msomaji atakumbuka ugomvi wa Okot p'Bitek na wamisionari wa Acholi kuhusu jina Rubanga. Yeye alidai kwamba wageni waliwabana wazee kwa swali lisilokuwa na maana katika lugha yao, wakaondoka na jina la nguvu iliyosadikiwa kuvunja watu migongo. Hoja ya p'Bitek ni kali kupita kiasi ikitumiwa kila mahali, kwa kuwa neno haliwi mfungwa wa maana yake ya kwanza. Hata hivyo Edeke anatuachia jambo moja la kuzingatia: nguvu ya kiungu ilijulikana kwanza kwa kumgusa mtu mwilini, na kumgusa huko hakukuwa kwa furaha.

Hapa inafaa kutoa tahadhari. Kiteso kina neno ejok, yaani ni vizuri, na Waluo na ndugu zao wa Uganda wana neno jok au juok, linalotaja nguvu ya roho. Kufanana huko kumewavutia baadhi ya watu waone kwamba wema na uungu ni kitu kimoja katika lugha zote za Kinilo. Umbo peke yake halitoshi kuthibitisha jambo kubwa namna hiyo. Mpaka sauti na maana zifuatwe lugha kwa lugha, ni heri kuacha.

Mtaalamu aliyeandika kwa kina juu ya Wateso wa Kenya ni Ivan Karp, aliyefanya utafiti wake kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 na kutoa kitabu mwaka 1978. Katika maandishi yake juu ya kupagawa, anaonyesha kwamba Wateso humfikiri mtu kwa kutaja kichwa, akou, na moyo, etau: ujuzi na hisia vina makao yao mwilini. Ziko pia ipara, roho za wafu, ambazo huweza kumjia mtu aliye hai, hasa mwanamke, akaugua, akatambuliwa na mwaguzi, na kufanyiwa sherehe ya ngoma na nyimbo. Sherehe hiyo haikukosa kicheko wala uchangamfu. Lakini lengo lake lilikuwa kupatana na aliyeingia, kumpa haki yake, ili mwenye nyumba apumzike. Kwa ufupi, kuwa na kitu ndani yako kilikuwa kisa cha kuagua, na wala hakikuwa habari njema ya kutangazwa sokoni.

Njia ya kwanza ya maneno mapya ilianza pwani. Wafasiri wa Kiswahili wa karne ya 19, Krapf kule Rabai na Steere kule Unguja, walikuwa na maneno matatu ya kuchagua: pepo, moyo na roho. Pepo lingeweza kufaa kwa ukoo wake, maana ni ndugu wa upepo, na lugha nyingi za dunia zimelitaja jambo hili kwa neno la upepo au pumzi. Lakini pepo alikuwa tayari ana kiti chake, ngoma yake na mganga wake, naye hupanda kichwani mwa mtu na kudai. Wafasiri wakamwachia ubaya. Ni ajabu kwamba lugha hiyo hiyo imeuhifadhi mzizi huo kwa namna nyingine kabisa katika neno peponi. Moyo nao ulikuwa umeshikwa na maana ya kiungo na ya ushujaa. Basi wakachukua roho, neno la Kiarabu ambalo Waislamu wa pwani walikwisha kulizoea kwa karne nyingi.

Neno hilo halikuwa safi kama walivyodhani. Kwa Mswahili, kukata roho ni kufa, mwenye roho mbaya ni hasidi, na roho ni pia koo la mlafi. Isitoshe, katika Kiarabu roho na raha zimetoka katika mzizi mmoja, ule wenye maana za pumzi, upepo na kupumzika, ilhali furaha imetoka mzizi mwingine. Mswahili wa kawaida haoni undugu huo, na si lazima auone. Lakini watunzi wa mashairi ya dini na watu wa tarika walioisoma lugha ya Kiarabu waliujua. Dhikiri ya Kadiria, iliyoenezwa Unguja na pwani na Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909), ilikuwa shule ya kutuliza nafsi kwa kumtaja Mungu mpaka moyo uupate utulivu wake. Wafanyabiashara wa pwani walifika Mumias, kwa Wawanga, katika karne hiyo hiyo, wakaacha huko Uislamu na Kiswahili. Kwa hiyo neno roho lilikwisha kusikika bara ya magharibi kabla mhubiri wa Kikristo hajajenga hapo. Waluo walilichukua likiwa zima: Roho Mtakatifu kwao ni Roho Maler.

Njia ya pili ilitoka Buganda, na historia yake ni ya kusisimua zaidi. Waganda hawakukopa. Walikuwa na omutima, moyo, na omwoyo, uhai wa ndani au nafsi, wakalichukua hili la pili kuwa Omwoyo Omutukuvu. Maneno haya mawili ni ya Kibantu cha kale, na Kiswahili kinayo yote mawili: moyo na mtima. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilipopata roho kutoka Uarabuni kiliuacha moyo ubaki kuwa moyo, na mtima ukawa mali ya washairi.

Mtu aliyekamilisha Biblia ya Kiganda alikuwa George Pilkington wa chama cha CMS, akisaidiwa hasa na Henry Wright Duta, Mganda ambaye ujuzi wake wa lugha haujasifiwa vya kutosha. Mwezi Desemba 1893 Pilkington, akiwa amechoka na kuona kazi yake imekauka, alikwenda kisiwa cha Kome katika Ziwa Victoria. Huko alisoma kijitabu cha mhubiri wa Kitamil kutoka India aliyeitwa David, akarudi Mengo akisema kwamba sasa ndipo amempata Roho ambaye alikuwa akimfasiri kwa miaka. Mikutano iliyofuata iliwakusanya watu kwa mamia, na walimu Waganda wakatawanyika kwenda nchi za mbali. Biblia nzima ilipigwa chapa mwaka 1896, na Pilkington akauawa Busoga katika maasi ya askari wa Kinubi mwezi Desemba 1897. Neno omwoyo halikubuniwa naye, lilikuwako kabla yake. Lakini ni mara chache katika historia ya tafsiri kumwona mfasiri akishikwa na neno lake mwenyewe katikati ya kazi.

Kiganda kilipelekwa Bukedi na Uteso pamoja na utawala wa Semei Kakungulu na maajenti wake, kikawa lugha ya kanisa na ya ofisi kwa miaka mingi, mara nyingi bila ridhaa ya wenyeji. Hata Waanglikana wa Kenya ya magharibi walikuwa chini ya dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921. A. L. Kitching alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kiteso mwaka 1915, msamiati wa kanisa ulikuwa umekwisha kupokea rangi ya Kiganda. Roho Mtakatifu katika Kiteso aliitwa Emoyo. Umbo la neno linaeleza safari yake: irabu ya mwanzo ya Kiganda imeachwa, na mahali pake pamewekwa e-, kiambishi cha jinsi ya kiume, kile kile kilichomo katika etau na Edeke.

Tuyaweke maneno haya mahali pamoja, pale Adungosi. Mteso ana moyo wake, etau, na katika maandiko ana Emoyo, ambaye ni Roho. Jirani yake Mluhya akisema omwoyo anataja moyo huu unaodunda kifuani, na Mbukusu husema kumwoyo. Mswahili akisema moyo ana maana hiyo hiyo. Kwa hiyo Mteso wa mpakani aliyekulia miongoni mwa Waluhya alikuwa akilisikia neno moja mara mbili kila wiki: siku za kazi likitaja kiungo cha jirani, Jumapili likitaja Mungu. Mteso wa Soroti hakuwa na bahati hiyo, ikiwa ni bahati. Ni vigumu kuthibitisha kwamba mlio wa neno hubadili imani ya mtu, na wanaisimu wana haki ya kudai ushahidi zaidi. Lakini haitakuwa kosa kusema kwamba katika mpaka huu fundisho la kwamba Mungu hukaa ndani ya kifua cha mtu lilipata msaada kutoka kwa lugha ambao hata wafasiri hawakuukusudia. Neno roho halikuwa na msaada huo. Lilifika likiwa geni, na labda kwa sababu ya ugeni wake lilifaa kuwa jina la chama: Dini ya Roho, watu wa Roho, kanisa la Roho.

Vyama hivyo vilizaliwa kwa uchungu. Mfano unaofundisha zaidi ni wa Kaimosi. Wamisionari wa Friends, yaani Makweka, walifika hapo kutoka Marekani mwaka 1902. Mwasisi wa madhehebu yao, George Fox (1624–1691), alikuwa ameishtua Uingereza kwa kufundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu na kwamba haihitaji kasisi. Mtu angetazamia kwamba wafuasi wake wangefurahi kuiona nuru hiyo ikiwaka Afrika. Mwaka 1927, baada ya mahubiri ya Arthur Chilson juu ya kumpokea Roho, waumini walianza kuungama kwa sauti, kulia, kutetemeka na kunena kwa lugha. Uongozi wa misheni ulikataza. Waliokataa kunyamaza, akiwamo Jakobo Buluku, walitengwa, na kutoka kwao yakatokea makanisa ya Roho yaliyopo hadi leo. Si haki kuwahukumu wamisionari hao bila kueleza kwamba Makweka wa Marekani ya kati walikuwa wamekwisha kubadilishwa na mikutano ya uamsho ya karne ya 19, wakawa na wachungaji, nyimbo na mpango wa ibada, na nuru ya ndani ilikuwa imepungua katika mafundisho yao. Chilson mwenyewe alikuwa mmoja wao. Lakini kinaya chabaki pale pale.

Miaka saba baadaye mambo yalikuwa mazito zaidi. Alfayo Odongo Mango, mwalimu wa dini wa Kianglikana miongoni mwa Waluo waliokaa katika nchi ya Wawanga, aliwaongoza watu wa Roho pale Musanda. Roho na ardhi zilishikana: Mango alitetea madai ya Waluo juu ya mashamba yaliyogombaniwa na Wawanga. Mwezi Januari 1934 nyumba yake ilichomwa moto, akauawa yeye na baadhi ya wafuasi wake. Wafuasi waliosalia hawakuomboleza kwa ukimya. Walitoka wakiandamana na kuimba, na kazi ya kueneza habari ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake. Furaha ya namna hii haiwezi kuitwa utulivu wa nafsi. Zakayo Kivuli naye, aliyesema kwamba alijiwa na Roho mwaka 1932 na kuanzisha kanisa la African Israel Nineveh mwaka 1942, aliifanya furaha iwe kitu cha kuonekana barabarani: bendera, ngoma, kanzu nyeupe na maandamano. F. B. Welbourn na B. A. Ogot walipoandika juu ya kanisa hilo na jingine la Waluo mwaka 1966, waliona kwamba watu hao walikuwa wakitafuta mahali pa kujisikia wako kwao. Hoja hiyo ni nzuri, ila yasemekana kidogo mno: kwa waumini wenyewe makao hayo hayakuwa jengo wala chama peke yake, yalikuwa kifuani.

Uamsho wa Balokole ulifika kwa njia nyingine, bila kujitenga na kanisa. Mwanzo wake hutajwa kuwa mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church pale Namirembe mwaka 1929, kisha moto ukawaka Gahini katika Rwanda. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1930 makundi ya wahubiri yalikwisha kuvuka na kuingia Kenya. Katika lugha yao mtu huvunjika, hutubu mbele ya ndugu, hutembea nuruni, na furaha ndiyo ushahidi kwamba hakuficha kitu. Mtu mwenye uso uliokunjamana huulizwa na ndugu zake ameficha nini. Hapo furaha ilikuwa imegeuka kutoka kipawa na kuwa kama kipimo, na wengine waliona uzito wake.

Kwa Mteso kipimo hicho kilikuwa na gharama iliyo wazi. Karp ameeleza katika makala yake ya mwaka 1980 kwamba kwa Wateso kukaa pamoja kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayotiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija mirefu, ndiyo picha yenyewe ya ujirani mwema. Kazi ya shamba iliyofanywa kwa msaada wa majirani ilimalizikia chunguni. Ugomvi ulipatanishwa chunguni. Aliyekataa kukaa alishukiwa kuwa mchoyo au mwenye nia mbaya. Basi mtu aliyeokoka, akautoa mrija wake, hakuacha kileo tu. Alitoka katika duara lililompalilia shamba. Hii ndiyo sababu ushirika wa waliookoka ulilazimika kuwa duara jingine, lenye kulimiana, kuzikana, kukopeshana na kuulizana habari za moyo kwa ukali ambao chungu hakikuujua. Wahubiri wamezoea kueleza furaha ya ndani kana kwamba mtu huipata peke yake chumbani. Historia ya sehemu hizi inaonyesha vingine: aliyempata Mungu moyoni alihitaji upesi watu wa kumsaidia kuvuna.

Jambo moja la lugha limebaki kueleza. Wimbo wa Tukutendereza, ambao Balokole huuimba kila mmoja wao anapomaliza kuungama, ulitokana na wimbo wa Kiingereza wa mikutano ya Keswick. Ungaliweza kufasiriwa tena kwa urahisi katika kila lugha ya Kenya, na fasiri zipo. Lakini pambio lake halikufasiriwa. Wakikuyu huliimba kwa Kiganda, Waluo kwa Kiganda, Wateso kwa Kiganda, hata wazee ambao baba zao walikichukia Kiganda kwa sababu ya mijeledi ya maajenti wa Kakungulu. Mtu akiwauliza kwa nini hawalifasiri, hujibu kwamba likifasiriwa linapoa.